Uenyeji wa Mataifa Majabalini

Taifa linapojitolea kuwa mwenyeji wa mashindano ya mataifa, aghalabu watu huuliza ni fedha kiasi gani zitakazoingia nchini, ni wageni wangapi watakaolala katika hoteli zake, na ni nani atakayelitwaa kombe. Maswali hayo yana haki yake. Walakini liko swali lililo zito kuliko hayo yote, nalo ni la insafu ya mwenyeji. Katika michezo iliyo mingi uwanja hauna siri: urefu wake umeandikwa katika kanuni, milingoti yake imepimwa, na mgeni akishuka kutoka safarini hukuta vipimo vile vile alivyoviacha kwao. Lakini uko mchezo mmoja wa pikipiki, uitwao trayali, ambao uwanja wake hutungwa upya kila mara na yule anayewakaribisha wenziwe, kwa majabali ya nchi yake, kwa mito ya nchi yake na kwa mizizi ya misitu yake. Na kwa hivyo heshima yote ya siku hiyo, kabla haijawa mikononi mwa wapandaji, huwa mikononi mwa mwenyeji.

Kilele cha mchezo huu kwa timu za mataifa ni mashindano yaitwayo Trial des Nations, yanayosimamiwa na FIM, yaani Shirikisho la Kimataifa la Pikipiki, ambalo liliasisiwa mwaka 1904 mjini Paris na leo lina makao yake Mies, nchini Uswisi. Mashindano hayo yalifanyika kwa mara ya kwanza mwaka 1984 katika Myślenice, mji wa kusini mwa Polandi usio mbali na Kraków, na tangu hapo yamekuwa yakihama nchi hadi nchi: mwaka 2007 yalikuwa katika Kisiwa cha Man, mwaka 2010 yakarejea Myślenice, mwaka 2018 yakaenda Sokolov katika Ucheki, mwaka 2019 Ibiza, mwaka 2021 Gouveia katika Ureno, na mwaka 2022 Monza katika Italia. Kila mwenyeji katika hao alikuwa na ardhi yake na tabia ya ardhi hiyo, na kila mmoja alilazimika kuigeuza ardhi yake kuwa mizani ya kuwapimia watu waliotoka mbali.

Mchezo wenyewe na chimbuko lake

Asiyepata kuuona mchezo huu hudhani kwamba mashindano ya pikipiki sharti yawe ya mbio na kishindo. Kumbe katika trayali mwendo ni wa taratibu, mara nyingi taratibu kuliko hatua za mtu aendaye kwa miguu, na ushindi hupatikana kwa mizani ya mwili, kwa macho makali na kwa utulivu wa moyo. Pikipiki yenyewe haina kiti cha kukalia, kwa sababu mpandaji husimama juu ya vikanyagio tangu mwanzo wa kazi hadi mwisho wake. Uzito wake ni karibu kilo 70, tangi lake hubeba lita mbili au tatu tu za petroli, na tairi zake hutiwa upepo kidogo mno, chini ya nusu ya baa moja, ilhali tairi za gari dogo hujazwa baa mbili na zaidi, ili mpira upate kulegea na kuling'ang'ania jiwe. Kidole kimoja hukaa juu ya klachi na kimoja juu ya breki, na kwa vidole hivyo viwili fundi hodari huisimamisha pikipiki juu ya ncha ya jabali, akairusha kando, akaigeuza gurudumu la nyuma likiwa hewani, kisha akaupanda mwamba uliosimama wima na kukipita kimo chake mwenyewe.

Asili ya mchezo ni Uingereza na Uskoti, mwanzoni mwa karne ya 20, zamani ambazo watengenezaji wa pikipiki walitaka kubainisha kwamba mashine zao zaweza kukwea milima mikali bila ya kuvunjika. Mashindano ya Siku Sita ya Uskoti yalianza mwaka 1909, na mpaka hivi leo wapandaji hukusanyika mwezi wa Mei mjini Fort William, chini ya mlima wa Ben Nevis, ili wakabiliane kila siku na vipande vya njia vipatavyo thelathini. Mwaka 1914 Alfred Angas Scott, mwenye kiwanda cha pikipiki huko Yorkshire, aliwaandalia wafanyakazi wake shindano ambalo lingali likiitwa kwa jina lake. Baadaye mchezo ulivuka bahari: Sammy Miller, bingwa mzaliwa wa Belfast, alijiunga na kiwanda cha Bultaco cha Barcelona, wakaunda pamoja naye pikipiki iliyoitwa Sherpa, na mwaka 1965 aliishinda Siku Sita ya Uskoti akiwa juu ya mashine hiyo, ndipo Wahispania, na hususan watu wa Katalunya, walipoupokea mchezo huo wakaufanya kuwa wao.

Ubingwa wa dunia wa mtu mmoja mmoja ulianza mwaka 1975, na bingwa wa kwanza akawa Mwingereza Martin Lampkin, ambaye mwanawe Dougie alikuja kuutwaa ubingwa huo mara saba mfululizo, tangu 1997 hadi 2003. Takahisa Fujinami aliupeleka Japani mwaka 2004; Adam Raga wa Uhispania akaushika miaka miwili; kisha akatokea Toni Bou, kijana wa Piera katika Katalunya, ambaye kuanzia 2007 hadi 2024 hakuna mwaka hata mmoja ambao taji hilo lilimponyoka. Kwa kuwa taifa moja lilijaaliwa mafundi wengi wa namna hiyo kwa wakati mmoja, haishangazi kwamba Trial des Nations ya wanaume imekaa mikononi mwa Uhispania kwa zaidi ya miaka kumi na mitano. Hata hivyo mataifa mengine hayakuacha kuja, na sababu ya kuja kwao itabainika tukiitazama hesabu ya mchezo.

Hesabu ya timu

Hesabu hiyo ni ya adhabu, na mwenye alama chache ndiye mbora. Njia nzima ina vipande vigumu vilivyo vifupi, ambavyo hapa tutaviita mapito, na kila pito limezungushiwa utepe, lina mahali pa kuingilia na mahali pa kutokea. Mpandaji atakayelipita bila ya kuuweka mguu chini haandikiwi kitu. Akiugusisha mguu ardhini mara moja huandikiwa alama moja, mara mbili alama mbili, mara tatu na zaidi alama tatu. Na akianguka, au akitoka nje ya utepe, au akishindwa kuufikia mwisho, huandikiwa tano. Mtoto wa miaka saba aweza kuifahamu hesabu hii kwa dakika moja, na bado mtu mzima aliyeifanya kazi hii miaka ishirini huenda akatetemeka mbele yake, kwa sababu tofauti ya bingwa na mshindwa katika siku nzima huweza kuwa kugusa ardhi kwa ncha ya kiatu mara moja.

Katika mashindano ya timu huongezwa jambo moja ambalo ndilo roho yake. Wapandaji wa taifa moja hulikabili pito lile lile mmoja baada ya mwingine, na desturi ya miaka mingi imekuwa kuzihesabu alama zilizo bora na kuitupa iliyo mbaya kuliko zote. Chukua mfano wa timu ya watu watatu ambayo alama mbili tu ndizo zinazohesabiwa: wa kwanza amepita bila ya kugusa, wa pili amegusa mara moja, wa tatu ameanguka akaandikiwa tano, basi taifa lao huandikiwa alama moja tu, na ile tano ya ndugu yao husamehewa. Ndiyo maana utawaona wenye timu wakimtanguliza mmoja wao aende akajaribu jiwe, naye hujua kwamba akianguka atakuwa amewafunulia wenziwe siri ya pito lile bila ya kuwatia hasarani. Lakini wa pili akianguka pia, mzigo wote humwangukia wa tatu, ambaye sasa hana wa kumfichia kosa. Mtu aliyezoea kushindana peke yake mwaka mzima hujikuta siku hii akiombewa dua na mahasimu wake wa jana, kwa kuwa leo wamevaa jezi ya rangi moja.

Hapo ndipo faida ya mashindano haya ilipo, na hapo ndipo wajibu wa mwenyeji unapoanzia. Ikiwa mapito yake ni mepesi kupita kiasi, kila taifa litapita bila ya alama, na siku itakwisha bila ya kubainisha fundi na mwanafunzi. Na ikiwa ni magumu kupita kiasi, wote wataandikiwa tano, na hapo pia hakuna kilichobainika ila maumivu. Mwenyeji anatakiwa atafute baina ya mambo hayo mawili mahali ambapo hodari atatokeza na mnyonge atajifunza.

Ardhi na wenyewe

Kazi ya uenyeji huanza muda mrefu kabla ya pikipiki ya kwanza kuwashwa. Klabu ya mahali, ambayo mara nyingi ni mkusanyiko wa mafundi, wakulima, walimu na wastaafu waupendao mchezo, hulipelekea ombi lake shirikisho la pikipiki la taifa. Na hilo, likiridhika, hulifikisha ombi hilo mbele ya FIM. Lakini idhini ya wakubwa hao haifungui lango la shamba la mtu. Msitu una mwenyewe, malisho yana mwenyewe, mto una mamlaka yake, na njia ya kijiji ni haki ya wanakijiji wote. Kwa hiyo wenye klabu hubisha hodi mlango kwa mlango, wakaeleza ni siku ngapi wageni watakaa, ni wapi magari yatasimama, ni nani atakayelipa fidia ua ukivunjika, na ni lini ardhi itarudishwa kama ilivyokuwa. Mwenyeji asiyejua kuomba rukhsa kwa adabu hapati majabali, na asiye na majabali hana mashindano.

Kisiwa cha Man ni ushahidi mwema wa jambo hili. Kisiwa hicho, kilichomo katika bahari iliyo baina ya Uingereza na Ireland, kina eneo la kilomita za mraba 572 tu na watu wapatao 80,000, lakini kina bunge lake la kale liitwalo Tynwald. Mwaka 1903 sheria ya Uingereza iliufunga mwendo wa magari usizidi maili 20 kwa saa, na barabara za huko hazikuruhusiwa kufungwa kwa ajili ya mbio. Mwaka uliofuata Tynwald ikatunga sheria ya kuruhusu barabara za kisiwa zifungwe kwa muda, na kwa sheria hiyo zikaja mbio za magari, kisha mwaka 1907 mbio za pikipiki zijulikanazo ulimwenguni kwa jina la TT. Basi mwaka 2007, mbio hizo zilipotimiza miaka mia, kisiwa hicho hicho kiliipokea pia Trial des Nations. Watu wake walikuwa wamerithi kwa babu zao ilimu ya kuishi pamoja na wageni wa pikipiki: sheria ilikuwa tayari, waangalizi walikuwa tayari, na wenye mashamba walijua nini wataulizwa na nini watajibu. Uenyeji wa namna hiyo haununuliwi kwa fedha za mwaka mmoja. Hujengwa kizazi baada ya kizazi, kwa ahadi zinazotimizwa.

Ardhi ikishapatikana, huja kazi ya kuyatunga mapito, nayo ni kazi ya watu wachache wenye maarifa makubwa, ambao aghalabu walikuwa wapandaji katika ujana wao. Mtungaji huutembea mto akiwa na viatu vya mpira, akalitikisa jiwe kwa mguu kuona kama limeshika, akapima kwa jicho umbali wa kujirushia, akafikiri mahali mtu atakapoangukia akikosea. Maana ugumu unaoruhusiwa katika mchezo huu ni ule ambao adhabu yake ni alama, na ule ambao adhabu yake ni mfupa uliovunjika haufai. Kama mwalimu atungaye mtihani, hutakiwa kuweka swali la wote na swali la wachache, ili asiwepo anayerudi nyumbani bila ya kujibu lolote. Kwa sababu hiyo katika pito moja huweza kuwekwa njia mbalimbali zenye alama za rangi tofauti, daraja ya juu ikapandishwa juu ya mwamba, na daraja nyingine ikazungushwa ubavuni mwake.

Tena sharti afikirie mvua. Jabali ambalo jana lilikuwa kavu na kulishika gurudumu barabara, leo baada ya manyunyu ya saa moja huwa na utelezi kama lililopakwa mafuta, na mto uliokuwa ukifika kwenye kifundo cha mguu huweza kufika magotini. Mtungaji mwenye busara huwa amekwisha kujua ni utepe gani atausogeza na ni lango gani atalifunga, na mabadiliko hayo huyafanya kabla ya mpandaji wa kwanza hajaingia, kwa kuwa akibadilisha katikati ya siku huwa amewadhulumu waliotangulia au watakaofuata. Wapandaji wenyewe hawaruhusiwi kulijaribu pito kwa pikipiki kabla ya zamu yao. Hulitembelea kwa miguu tu, wakainama, wakaligusa jiwe kwa kiganja, wakashauriana na wasaidizi wao. Na amri hii humhusu mwenyeji kuliko mtu mwingine yeyote, kwani wapandaji wa taifa lake ndio walio karibu na majabali hayo mwaka mzima, na ni rahisi mno kuwafanyia upendeleo usioonekana. Mwenyeji mwenye murua huyaficha mapito yake hata kwa wanawe.

Waangalizi wasiolipwa

Mashindano mengine yana waamuzi watatu au watano. Haya huhitaji kikosi kizima. Kila pito sharti liwe na waangalizi wake: mmoja wa kuhesabu miguu, mwingine wa kutazama utepe, mwingine wa kuandika alama na kuzitangaza kwa vidole ili mpandaji na watazamaji wazione papo hapo. Ikiwa mapito ni kumi na tano, na kila pito lina watu wanne, tayari wamehitajika watu sitini kabla hatujawahesabu walinzi wa njia, madaktari, wauguzi, wachukuzi wa habari, wapishi, wakalimani na wanaoongoza magari. Wengi katika hao hawapati ijara. Hupewa chakula cha mchana, koti la mvua na shukrani, nao husimama tangu asubuhi hadi jioni mahali pamoja, katika baridi au jua, wakiukodolea macho mguu wa mtu.

Nami naona kwamba hawa ndio nguzo ya mchezo wote, na kwamba taifa linalotaka kuwa mwenyeji lijiulize kwanza kama linao. Mwangalizi huamua kwa nukta moja: je, mguu uligusa au haukugusa, gurudumu lilivuka utepe au halikuvuka? Mbele yake yuko bingwa wa dunia ambaye jina lake limeenea, nyuma yake kuna umati wa wananchi wake wanaopiga mayowe, na pembeni kuna msimamizi wa timu anayetaka kusikia jibu linalomfaa. Naye hana ngao yoyote ila ukweli wa alichokiona. Akimpunguzia mgeni haki yake kwa alama moja, huenda amelipokonya taifa la mgeni huyo medali. Akimsamehe mwananchi mwenzake kwa huruma, ameuharibu ushindi ambao taifa zima litauimbia wimbo. Malalamiko yana njia yake ya kufika kwa jopo la wasimamizi, lakini jopo halikuwepo mtoni, mwangalizi alikuwepo. Kwa hiyo mafunzo ya waangalizi, kuwapa kanuni kwa lugha wanayoifahamu, kuwafanyisha mazoezi katika mashindano madogo ya mkoa na ya taifa, ni kazi ya miaka, na klabu inayoiacha hadi wiki ya mwisho imekwisha kuvunja ahadi yake.

Pamoja na mpandaji huwepo msaidizi, ambaye humfuata pitoni kwa idhini, akasimama chini ya mwamba mikono yake ikiwa wazi, tayari kuidaka pikipiki isimwangukie mwenzake. Humsomea njia, humtajia sekunde zilizobaki, humtia moyo. Lakini akiigusa pikipiki kumsaidia, mpandaji huandikiwa tano mara moja. Kila mpandaji huvaa kofia ngumu, na hufungwa kamba mkononi iliyounganishwa na swichi ya injini, ili akianguka mashine izime yenyewe isije ikamdhuru. Mwenyeji hana budi kuhakikisha kwamba machela na daktari vinaweza kulifikia kila pito, hata lile lililoko korongoni, na pito lisilofikiwa na machela, hata liwe zuri namna gani, liachwe.

Kuirudisha ardhi

Wako watu ambao, wakisikia pikipiki zinaingia msituni, huhofia mandhari, na hofu yao ni ya haki. FIM imeweka kanuni za mazingira ambazo mwenyeji hufungwa nazo: pikipiki isitiwe mafuta wala kutengenezwa ila juu ya mkeka maalumu unaonyonya kilichomwagika, sauti za injini zipimwe, na taka ziondolewe. Mwaka 2017 shirikisho hilo lilifungua pia mashindano ya pikipiki za trayali zinazotumia umeme, ambazo hazina moshi na sauti yake ni ndogo, na bila shaka zitaipunguza chuki baina ya mchezo na majirani zake. Lakini kanuni haitoshi peke yake. Klabu njema hurudi shambani baada ya wageni kuondoka, ikauzoa utepe wote, ikayasawazisha matope, ikaujenga upya ukuta wa mawe uliobomoka, ikamwita mwenye shamba aone kwa macho yake; na mwenye shamba akiridhika, mwaka mwingine hufungua lango bila ya kuombwa mara mbili.

Zipo nchi zilizojaribu njia nyingine. Mwaka 2022 Italia iliyapokea mataifa katika uwanja wa mbio za magari wa Monza, uliojengwa mwaka 1922 na ambao mwaka huo ulikuwa ukitimiza karne moja. Uwanja huo ni wa lami na bustani tambarare, wala si nchi ya majabali. Mahali pa namna hiyo mapito sharti yaundwe kwa mikono ya watu. Faida yake ni kubwa: watazamaji huona mapito mengi bila ya kupanda mlima, barabara na vyoo vipo, na hakuna kijito kinachochafuka. Hasara yake ni kwamba mgeni huiacha nchi bila ya kuijua, kwa kuwa jiwe lililobebwa na gari halina habari za mahali. Kwa upande wangu naziheshimu njia zote mbili, ila nasema kwamba Gouveia, iliyoko chini ya milima ya Serra da Estrela yenye mawe ya matale, ilikuwa na jambo la kuwafundisha wapandaji ambalo halipatikani katika uwanja wowote uliotengenezwa.

Wakubwa na wadogo

Nimesema kwamba mataifa huendelea kuja ijapokuwa yanajua ni nani aliye hodari. Hayo hayakutokea kwa bahati tu. Waandaaji wa Trial des Nations wameweka daraja zaidi ya moja, ikiwamo ile ya kombe la kimataifa kwa mataifa ambayo wapandaji wao bado hawajafikia kimo cha mabingwa, ili nchi yenye klabu chache na theluji miezi mitano ishindane na iliyo sawa nayo. Wanawake nao wana mashindano yao ya timu, na huko ndiko ulimwengu ulikowaona mafundi kama Laia Sanz wa Uhispania, aliyetwaa ubingwa wa dunia wa trayali zaidi ya mara kumi kisha akaenda katika mbio za jangwani za Dakar, ambako mwaka 2015 alimaliza wa tisa miongoni mwa wanaume na wanawake wote wa pikipiki, na kama Emma Bristow wa Uingereza, aliyeutawala mchezo huo miaka mingi. Msichana wa kijiji cha mwenyeji akiwaona watu hawa wakipita juu ya mwamba ambao yeye hulisha mbuzi chini yake, huenda akapata muradi wa maisha. Na faida hiyo haiandikwi katika hesabu za hoteli.

Kwetu Afrika ya Mashariki, trayali haijapata mizizi, lakini uenyeji wa michezo ya injini si jambo geni. Mashindano ya magari ya Safari, yaliyoanza mwaka 1953 yakizunguka Kenya, Uganda na Tanganyika, yalijulikana duniani kote kwa ukali wa njia zake, na mwaka 2021 yalirejea katika ubingwa wa dunia, safari hii Naivasha ikiwa ndiyo makao ya kazi. Waliosimama njiani miaka ile na hii, wakipeperusha bendera, wakiwazuia ng'ombe wasivuke, wakimvuta mgeni kutoka matopeni, ni ndugu wa kazi moja na yule mwangalizi wa Myślenice au wa Kisiwa cha Man. Udongo wa Safari haukumpendelea mtu: uliwavunjia gari wageni na wenyeji kwa kipimo kimoja, na heshima yake ikatokana na hilo.

Basi nchi yoyote itakayotaka kuyaita mataifa kwenye majabali yake, na isihesabu kwanza jukwaa na bendera. Ianze kwa kuwafundisha waangalizi wake miaka mitatu mbele. Ifanye mapatano na wenye ardhi kwa maandishi, na iyatimize. Iyakabidhi mapito kwa watu ambao hawataogopa kuwakasirisha wapandaji wa nyumbani. Iyaweke mataifa madogo pamoja na makubwa katika ratiba moja na meza moja. Hayo yakitimia, mshindi atakuwa mshindi kweli, aliyeshindwa atajua kilichomshinda, na mwenyeji atakuwa na haki ya kuomba zamu nyingine bila ya kuinamisha uso.